Kidole Chini ya Kinyago

Ndugu zangu wa kikundi, wakubwa zangu shikamooni. Shule sikukaa, nitasema kama nisemavyo jikoni kwangu. Majina sitaji, mnaoyajua, yamezeni.

Yule mgeni wa ng'ambo alisema anatembea tu. Viza yake kweli ilikuwa ya matembezi. Akalala kwa mwanangu. Siku ya lipiko, ngoma yetu ya kinyago, akatoa kamera kubwa kama mtungi. Msaidizi wake, kajifunga kitambaa usoni kuzuia vumbi, akambebea vyombo.

Wiki haijaisha, gari la Uhamiaji likasimama uani. Mgeni keshaondoka. Kumbe alipiga filamu bila viza ya kazi, akaitoa mtandaoni, na sasa wanamtaka aliyemsaidia.

"Siku ya ngoma mwanao alikuwa wapi, bibi?"

"Alisafiri."

Mkwe wangu: "Alisafiri." Jirani: "Alisafiri."

Si ndivyo tunavyojibu siku ya lipiko? Aliyemo ndani ya kinyago hatajwi, na sisi wanawake ndiyo kabisa hatutakiwi kumjua. Afisa akacheka. "Kijiji kizima mnamficha!" Wakamchukua mwanangu hadi Masasi.

Jioni mzee mmoja wa ngoma akasimama mlangoni, hata hodi hakupiga. "Mdomo, mama." Akaenda zake.

Utotoni kwangu palikuwa na mwanamke aliyemtaja wa kinyagoni. Hakuna aliyekwenda tena kwake kuomba moto, mpaka akafa.

Kulipokucha nikaenda Masasi. Nikamwambia afisa, "Baba, nionyeshe hiyo filamu." Akafungua. Lipiko linaruka, na msaidizi yule kasimama pembeni na vyombo vyake. Nikaweka kidole changu kwenye mguu wa aliyeruka, pale jembe lilipomkata.

"Kidonda hiki nilikiosha mimi."

Mwanangu akaambiwa avue kiatu. Afisa akalilinganisha kovu na picha, akamwachia. Mwanangu hakunitazama.

Tuliporudi, wazee walikuwa wamekaa uani kwangu.

"Umemtaja nani?"

"Mwanangu. Mngemtoa nyie?"

Wakainuka, wakaenda zao. Siku zikapita, moto wangu ukiwaka peke yake. Kisha mke wa mzee yule wa mlangoni akaja na kigae. "Mama, nipe kaa la moto, wangu umezimika." Uongo! Nilikuwa nauona moshi wake. Yuko hapa, kainamisha kichwa. Ahsante, mwenzangu.

Basi mgeni akija na vyombo vya kazi, mwulizeni kibali cha kazi kabla hamjamtandikia mkeka.

Lipiko limechezwa tena mara moja. Halikupita mlangoni kwangu. Nasubiri. Likipita nitatoka, nami nitaogopa kama wanawake wenzangu, kana kwamba simjui aliyemo.