Mashine Iliyosimama Sebuleni

— Laki nne za ada nimetoa, na mwanangu anakereza hewa.

Kisigino alikita kikombe kwenye benchi, kahawa ikamrukia kidole, wala hakuitazama. Pale kijiweni, nje ya kibanda chake cha kushona viatu, hakuna aliyeshtuka. Hasira zake walizizoea kama harufu ya gundi yake. Ilikuwa Jumamosi, jua limelegea, mtaa mzima umesinzia macho wazi. Bintiye alikuwa akisomea kukereza vyuma, kuvichonga kwa mashine inayozunguka, na Jumatatu angeanza mazoezi kiwandani. Lakini chuo kiliwapa wanafunzi miwani mikubwa ya kufunga kichwani. Ukiivaa, mashine inasimama katikati ya sebule yako mwenyewe, inazunguka, inang'aa. Ukiivua, alilalamika Kisigino, sebule tupu.

— Tupu wapi, — alisema Waziri, dereva wa lori aliyepewa jina hilo kwa kupenda kutoa matamko. — Mbona meza umeihamisha?

— Ili apate nafasi.

— Na shemeji je?

Kisigino akainamia kushona. Mkewe siku hizi akibeba chai hupita kandokando ya ukuta, asije akagonga kitu. Yeye mwenyewe juzi alijikuta amejibana mlangoni, anapisha chuma kisichokuwepo. Na usingizini huisikia mashine ikinguruma taratibu, kama paka mkubwa aliyeshiba.

— Asiyekuwepo na lake halipo, — Waziri akahitimisha.

— Lake lipo. Laki nne zangu.

— Basi mcheza kwao hutunzwa.

— Hiyo nayo inaingiaje?

— Binti si anachezea kwenu, sebuleni?

Mwalimu, kijana aliyefundisha chuoni na kukabidhiwa hiyo miwani, alicheka. Mguu mmoja ulikuwa peku. Kiatu chake kilikuwa mikononi mwa Kisigino, kinashonwa soli.

— Mzee wangu, huko ndiko dunia inakoelekea. Kwenye miwani hakatiki mtu kidole.

— Mimi naona mbali zaidi, — alisema Waziri. — Viwanda vyote vitahamia kwenye miwani. Lori langu litabeba mizigo isiyo na uzito. Milima nitaipanda kama unyoya.

— Na mafuta? — aliuliza dada wa kahawa.

— Nitayaota.

— Basi na kahawa yangu uiote. Nirudishie kikombe.

Walicheka wote, isipokuwa Kisigino. Alivuta uzi mpaka ukalia.

— Jana nilimchungulia. Uso umetulia, kama anayetazama maji. Mara akapangusa maganda ya chuma kwa kiganja kitupu, hivi, kama anafuta makombo mezani. Hayakumfanya kitu.

— Kwa sababu hayapo, — alisema Mwalimu.

— Jumatatu yatakuwepo.

Upepo ukapita, ukageuza karatasi moja barabarani, ukaiacha. Binti mwenyewe akatokea kona ya pili, anakuja polepole. Katikati ya njia akakunja kidogo, akazunguka kitu ambacho wengine hawakukiona, kisha akanyoosha tena mpaka benchini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, — alisema baba yake.

— Mwalimu, nilitaka kukuuliza. Yale maganda yakitoka kwenye chuma, yana joto?

Waziri alifungua kinywa atoe methali, akakifunga. Dada wa kahawa akashikilia birika hewani. Mwalimu aliutazama mguu wake uliokuwa peku.

— Nadhani yana joto.

— Hujawahi kuyagusa?

Mwalimu aliurudisha mguu chini ya benchi.

— Chuoni si kuna mashine ya kweli? — aliuliza Kisigino. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio uliowatisha.

— Ipo. Imefunikwa turubai. Tunaitunza isiharibiwe.

— Na nani?

— Na wanafunzi.

Kisigino alimaliza tundu la mwisho, akakata uzi kwa meno. Kiatu kilikuwa tayari. Badala ya kukirudisha, akakiweka mapajani, akakifunika kwa aproni yake.

— Kesho asubuhi utafunua hilo turubai, mwanangu aguse chuma nikiona. Nimekwishalipa.