Consolata na Uzio wa Minyaa

Ndugu waombolezaji, jina langu ni Gabriel Wanzagi, mume wa marehemu, na nimeomba kuisoma historia hii mwenyewe.

Jumanne ya tarehe 5 Novemba 2024, alasiri, nyumbani kwetu Nyakato, Musoma, Consolata alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni akiparua magamba ya samaki aina ya ningu aliowanunua asubuhi, simu ikiwa mezani kwa sauti ya juu, akimuuliza mdogo wake Machibya, aliyeko Butiama, kama mvua imenyesha.

“Imenyesha dada,” Machibya alisema, “mpaka kuku wamegoma kutoka nje.”

“Basi Jumamosi tunakuja. Mwambie baba mdogo afiche jembe lake.”

Wote wawili walicheka, kisha akanigeukia na kuniambia nisisahau kunoa panga. Jumamosi hiyo ndiyo leo, na habari ya jembe hilo nitaieleza.

Consolata Ngolo alizaliwa Butiama tarehe 17 Mei 1963, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ngolo, mkulima na mfugaji, akitanguliwa na dada yake Prudence na kufuatiwa na Machibya. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Butiama kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari mjini Musoma hadi 1981, kisha akasomea uuguzi na ukunga na kuhitimu mwaka 1985. Mara nyingi alituambia kwamba viatu vyake vya kwanza vya shule vilikuwa vya Prudence, aliyeachia masomo darasa la saba ili mdogo wake aendelee.

Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa zahanati ya Bugwema, na huko ndiko tulikokutana mwaka 1987, nilipokuwa mpima ardhi kijana nikapelekwa kwake na jeraha la mguu baada ya kukanyaga kigingi nilichokipigilia mwenyewe. Aliniuliza kama wapima wote hawaangalii wanapokanyaga, akanifunga bendeji bila kusubiri jibu. Tulifunga ndoa kanisani hapa hapa Bunda tunapomzika leo, tarehe 12 Agosti 1989, na Mungu alitujalia watoto watatu, Yakobo, Gloria na Faustine, ambao wako mbele yenu pamoja na wajukuu wanne.

Mwaka 1994 alihamishiwa Bunda, akafanya kazi ya ukunga hadi alipostaafu Mei 2023. Wenzake wa kazi wananiambia kwamba mzazi hakuruhusiwa kutoka wodini kabla Consolata hajamuuliza swali moja, kwamba akitoka hapo anakwenda kwa nani. Aliyesema anarudi kwa mume anayempiga, au aliyekaa kimya, hakuondoka siku hiyo. Wapo waliolala nyumbani kwetu wiki nzima na vichanga vyao, naye akasafiri kwenda kuzungumza na wazazi wao ili wawapokee, na baadhi yao nawaona wamekaa hapa leo.

Alilijua jambo hilo kwa sababu lilikuwa limeingia kwao. Prudence aliiacha ndoa yake mwaka 1994, akarudi kwa baba yao, akalima, akamuuguza mama yao hadi mwisho, na mwaka 2011 naye akafariki. Kwa desturi ya ukoo wao, binti aliyetoka kwa mume na kurudi hazikwi ndani ya mji, yaani ndani ya boma la nyumbani, kwa hiyo Prudence alizikwa nje ya uzio wa minyaa, upande wa machungani. Consolata hakubishana na mtu msibani. Kila tulipokwenda Butiama baada ya hapo, alishuka kwenye gari, akapita moja kwa moja hadi kwenye lile kaburi, akalifagia, ndipo akaingia ndani kusalimia.

Desemba 2012 aliniomba panga, akakata matawi ya minyaa kwenye uzio wa zamani, akayapanda upande wa pili wa kaburi. Alipanda machache tu kila safari, na nilipomwambia kwamba kazi hiyo tungeimaliza kwa asubuhi moja, alinijibu kwamba anataka watu wa nyumbani wayazoee. Aliwafukuza wajukuu wasisogee, kwa sababu utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hospitali, na yeye mwenyewe alivaa miwani yangu ya kusomea. Baba yake mdogo, Mzee Kwangu, aliye hapa nasi, alisimama siku moja akamtazama, akasema:

“Wewe nesi, hapa tunazikaga hivyo tangu zamani. Usituletee ya hospitali.”

“Baba mdogo, mimi ninapanda uzio tu.”

“Mkwe, wewe si ndiye mpima? Mwambie mkeo mpaka hausogezwi kwa vijiti.”

Nilimjibu kwamba kwa mke wangu sina mamlaka ya upimaji. Mwaka 2014 tulikuta mstari wote umeng'olewa kwa jembe. Consolata hakuuliza nani, akampa Mzee Kwangu sukari na majani ya chai kama kawaida yake, akaenda kupanda upya, na tangu siku hiyo hilo jembe likawa utani kati yao.

Machi mwaka huu madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Tulipokwenda Butiama mwezi Juni alikaa kwenye kiti akinielekeza mimi mahali pa kupanda, na tuliondoka ikiwa imebaki nafasi moja, upana wa ng'ombe wawili kupita, akasema tusubiri mvua. Jumanne ile jioni alianza kukosa pumzi, tukamkimbiza hospitalini Musoma, na Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akafariki nikiwa nimemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nyakato waliotupikia tangu saa ile ya kwanza, na wakunga wenzake wa Bunda waliomvisha.

Kesho yake asubuhi, Alhamisi, nilikwenda Butiama kupeleka taarifa kwa wakwe zangu kama inavyonipasa, na baada ya kuifikisha nilitoa panga kwenye gari. Machibya alikata matawi, mimi nikapanda, ardhi ikiwa laini kama alivyotaka. Mzee Kwangu alikuja, akasimama nyuma yangu.

“Mkwe, hilo la mwisho limelala upande,” alisema, akalisimamisha na kulishindilia udongo kwa kisigino.

Mstari ulikuwa umekamilika. Yeye akageuka, akautazama uzio wa zamani uliosimama kati ya nyumba na kaburi la Prudence, akaninyooshea mkono nimpe panga.

“Na huu sasa unabaki wa kazi gani?”

Akaanza kuukata mwenyewe, na sisi tukabeba matawi kuyapeleka nje.

Consolata, dada yako yuko ndani. Pumzika, mke wangu, kwa amani.