Mnada wa Nyumba ya Sajini Yunusi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Hafidha Mwinshehe wa Mwembesongo, aliyezikwa Ijumaa. Bi Hafidha, mjane wa Sajini Yunusi.

Wengi mlimjua kwa maandazi yake. "Ukitaka la moto," aliwaambia wateja, "amka mapema kama mwanajeshi."

Zamani aliishi na mumewe Bigwa, kwenye nyumba ya jeshi. Humo walimlea Pili, mtoto wao wa pekee. Mwaka 1996 ikatangazwa kwamba nyumba za jeshi zisizohitajika tena zitauzwa kwa mnada. Mwezi huohuo Sajini Yunusi akafariki. Bi Hafidha akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nyumbani.

Aliitaka nyumba ile. Kiinua mgongo cha mumewe akamkabidhi Salehe, mdogo wa marehemu, akamnunulie. Salehe akamwambia, "Shemeji, wewe tulia na eda yako. Mkono wangu ndio wako."

Mnada ulifanyika palepale uani. Bi Hafidha alisikiliza nyuma ya dirisha. Salehe akanyoosha mkono, akashinda. Dalali akauliza, "Niandike jina la nani?"

"Salehe."

Pili alikuwa ndani na mama yake. Anasimulia: "Mama akaita, 'Shemeji, sema jina langu!' Baba mdogo akacheka. Akasema, 'Mjane wa eda hapazi sauti mbele ya wanaume.' Uani wote wakacheka. Nikamvuta mama mkono, nikamwambia toka. Akanijibu, 'Baba yako hata arobaini haijafika, nitoke nikagombane na nduguye?'"

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Fedha ilikuwa ya mjane. Jina likaandikwa la shemeji.

Eda haijaisha, Salehe akaja kung'oa mlango wa mbele. Alisema anaupeleka kupakwa rangi. Haukurudi. Kila apitaye aliweza kumwona mjane ndani. Siku ya tatu Bi Hafidha akajifunika kanga mbili, akatoka. Eda aliimalizia jikoni kwa Pili, ambaye tayari alikuwa na kwake Mwembesongo. Bigwa hakukanyaga tena.

Pili na wanao, poleni sana. Mungu amrehemu mama na bibi yenu. Na waliocheka uani siku ile bado tunao mitaani, huenda wanatusikiliza sasa. Wakae watafakari.

Salamu za rambirambi zimefika nyingi, nasi tumezisoma. Ya Bwana Salehe pia imefika, ni ndefu. Familia imeomba isisomwe.