Mji Alioujenga Marwa

Kwenye kivuko cha Kisorya niliketi nyuma ya Nyamburi, dada mwenye laptopu mapajani, na Shomari, fundi kompyuta kutoka Musoma. Walikuwa wamejuana humo humo.

"Gemu imezima tena," dada alisema. Seva yake ya gemu, kompyuta aliyoikodi, ilikuwa Ujerumani, na ndani yake kulikuwa na mji mzima aliojenga Marwa, marehemu mdogo wake. "Watu wakiingia wengi inakufaga. Mimi naiwasha tu."

"Usiiwashe! Linux, mfumo unaoendesha hiyo seva, ikiishiwa memori, inaua programu inayokula zaidi. Ikiiua katikati ya kuhifadhi, mji unaharibika. Bakapu, nakala ya akiba, unayo?"

"Sina."

Mimi hata simu yangu hunishinda, lakini nilisogea mbele nione.

Shomari akavuta laptopu, akaandika amri ya kunakili mafaili ya mji. "Haya, bonyeza."

"Nikikuta yameshaharibika?"

"Angalau utajua."

"Sitaki kujua, kaka. Bonyeza wewe."

Shomari akapeleka kidole, kisha akakirudisha. "Hapana, dada. Na mimi naogopa."

Kivuko kikagusa gati upande wa Ukerewe, tukaambiwa tushuke; hakuna aliyekuwa amebonyeza.