Asheri Noa, Aliyebana Ubao kwa Nyayo

Zamani fundi alipimwa kwa mlango wake, kama baada ya masika mawili bado unafunga. Leo anapimwa kwa jinsi alivyosimama asubuhi moja.

Marehemu Asheri Noa alizaliwa Mwera, Pangani, tarehe 14 Machi 1936, mtoto pekee wa Noa na dada yangu Ruthi. Noa alikata mkonge hadi akafa, na kabla ya kufa aliapa kwamba mwanawe hatagusa jani hilo. Akamleta kwangu Tanga ajifunze useremala. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa: kukaa chini, kubana ubao kwa nyayo, mikono yote miwili ibaki na kazi.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na mwaka 1954 akaingia shule ya ufundi. Huko walimsimamisha mbele ya meza yenye jiriwa, kile chuma cha kubania ubao. Alijifunza, hakubisha. Siku ya mtihani wa daraja, tarehe 12 Novemba 1956, jiriwa aliyopewa ilikuwa imelegea, ubao ukicheza. Alieleza, akaambiwa muda unakwenda. Akavua viatu, akakaa chini, akamaliza wa kwanza.

"Kwenu hakuna meza?" mkaguzi akamwuliza, na wanafunzi wenzake wakacheka.

"Ipo, bwana. Lakini tafadhali pima maungio."

"Sipimi kazi ya miguu."

Hakupima. Mbao zile ninazo nyumbani. Katika maungio yake hata unywele haupiti. Anayetaka kupima aje.

Bila cheti, hakuna karakana iliyomchukua. Akarudi Mwera kukata mkonge, jani lilelile. Milango ya nyumba ya meneja wa shamba aliitengeneza yeye, na bado aliitwa mkata mkonge.

Tarehe 20 Aprili 1957 alimwoa Praxeda, binti wa mzee Laurenti wa Usagara. Alipokwenda kuposa alipeleka kasha lisilo na msumari hata mmoja. Laurenti akalijaza maji, akala chakula chake bila haraka, kisha akapitisha kiganja chini yake. Pakavu.

"Binti mchukue," akasema. "Kasha libaki."

Huyo hakuuliza fundi alikaa vipi.

Tarehe 24 Julai mwaka huu, 1958, mwiba wa mkonge ulimchoma unyayo wa kushoto. Msimamizi akamwambia amalize safu yake kwanza. Pepopunda ikamwingia, na tarehe 9 Agosti akafariki hospitalini.

Ameacha mama, mjane, na binti yake Elizabeti wa miezi minne. Mungu ampumzishe mahali ambapo kazi hutazamwa kwanza.

Nilimwona mara ya mwisho siku moja kabla hajafariki. Taya zilikuwa zimefunga, hakuweza kusema. Shuka lilikuwa limeteleza, na nyayo zake mbili zilikuwa zimeelekeana, zimekaza, kama zimebana ubao. Nesi akanyoosha mkono azifunike. Nikamwambia aziache, zitazamwe.