Mshono Nje

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali, na anayekaa upande huo ndiye anayeyumba wenzake wakicheka. Leo nimekaa upande huo mimi, simu mkononi, shati nimeligeuza, mishono yote nje. Makusudi. Mwanangu kaenda shule na la kwake limegeuzwa vilevile. Mshono ukimgusa ngozi, yeye hupiga kelele mpaka majirani watoke. Leo hata baada ya kumgeuzia aligoma mlangoni, akaninyooshea kidole: "Na baba." Basi nikageuza langu, mimi fundi cherehani mzima, tukaongozana. Shule ya tatu hii. Mwalimu mkuu kaniambia wazi: akitulia mpaka kengele ya mchana, kesho aje, akifanya kama kule alikotoka, atanipigia nikamchukue na nisimrudishe. Simu haijalia. Nimeiangalia tena, haijalia.

Wa kwanza kuanza ni Breki, dereva mstaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna.

Breki: Jamani, tumuulize au tumstahi?

Mchambuzi: Tumuulize. Mganga hajigangi, sawa, lakini fundi kugeuza shati ni dalili.

Mchambuzi ndiye kinyozi. Ukikaa kwenye kiti chake unatoka na upara na taarifa ya habari.

Breki: Shemeji kamfukuza usiku. Kavaa gizani.

Mchambuzi: Wapi! Katoka nyumba isiyo yake. Mwenye nyumba kabisha hodi mbele, yeye kapita nyuma. Haraka haraka haina baraka.

Mimi: Nyie kunyweni kahawa.

Breki: Mbona kama kakalia siafu? Anasimama, anakaa, anasimama.

Mchambuzi: Basi katupiwa kitu. Wanaanza na nguo hao. Wiki ijayo utamkuta anasalimiana na kuku.

Breki: Au ndio mtindo mpya. Utaona wakubwa wanavaa hivyo bungeni, na sisi tunalazimishwa.

Simu ikatetemeka. Nikaruka, tofali likachomoka, kahawa ya Breki ikamwagika mapajani. Kumbe ni kampuni ya simu, inanipongeza kwa kuwa mteja wao. Uvumilivu ukanishinda.

Mimi: Ni mwanangu! Kaenda shule leo. Havumilii mshono mwilini. Kavaa hivi, na mimi nimevaa hivi. Mmeridhika?

Nilijua kinachofuata, ndiyo maana sikutaka kusema.

Breki: Pole, ndugu yangu.

Ndiyo hiyo. Wananipa pole kama wamekuja msibani, na mwanangu yupo, anakula, anacheka, jana kanifichia mkasi.

Mchambuzi: Ila na wewe unamdekeza. Samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Mwanangu si samaki.

Mchambuzi: Nasema tu. Yeye yuko darasani, wewe uko hapa, hakuoni. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Geuza shati.

Breki: Hapo nyoka ni nani?

Mchambuzi: Nyoka ni methali! Fundi, wateja wanapita. Nani atakuletea kitambaa akikukuta hivyo?

Hapo kanipata. Nampenda yule mtoto mpaka kifua kinauma, lakini nimechoka kuangaliwa. Natamani siku moja tupite barabarani bila mtu kugeuza shingo. Na kweli, hanioni. Nikaanza kupapasa vifungo, ambavyo vikiwa ndani ni kazi kuvifungua, nikatoa mkono wa kushoto.

Akatokea mama mmoja na suruali ya kupunguza.

Mama: Fundi, unavua nguo barabarani?

Breki akamweleza yote kwa pumzi moja.

Mama: Sasa huo mshono mnauweka ndani wa nini?

Mchambuzi: Ili usionekane, mama.

Mama: Na kama unamchoma aliyevaa?

Mchambuzi: Si atazoea.

Mama: Yaani achomwe yeye, ili nyie msiuone?

Breki akamtazama Mchambuzi. Mchambuzi akanitazama mimi, maana mwenye cherehani ni mimi. Nimeshona tangu ujana, na kila mshono nimeuweka ndani.

Simu ikalia. Mwalimu mkuu.

— Baba, mwanao hajapiga kelele. Ila kasimama dirishani, hataki kukaa, na wenzake wameacha kuandika wanamwangalia. Anarudia maneno mawili tu, labda wewe utayaelewa. Anasema, "Na baba?"

Simu yangu ina sauti kubwa, benchi zima lilisikia. Mkono wa shati ulikuwa unaning'inia mgongoni.

— Baba, upo? Nimwambie nini?

— Subiri kidogo, mwalimu.

Nikautafuta ule mkono nisiupate. Mchambuzi ndiye aliyenishikia. Nikaingiza, nikafunga vifungo kwa kupapasa, cha juu kikagoma, nikakiacha.

— Mwambie na baba pia. Mwambie bado nimelivaa.

Nikamsikia mwalimu akiongea kwa mbali. Kisha nikasikia kiti kikivutwa.