Msumeno wa Papa Bila-Meza

Pale barabara ya transversale ya kumi inapokutana na njia ya kwenda mtoni kuna ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, nao ni bunge, mahakama na chuo kikuu, kutegemea nani ameamka na nini kichwani. Mama Odile anauza hapo kahawa ya tangawizi kutoka thermos mbili, na mikate ya moto siku ambazo mafuta hayajapanda bei. Asubuhi hiyo Célestin, fundi mbao, aliketi upande unaotazama nyumba yake mwenyewe, ng'ambo ya njia. Kwa kawaida huipa mgongo, maana mtu hutoka nyumbani ili apumzike nayo. Lakini tangu jana jioni alikuwa na sababu ya kuitazama. Ndani yake, katika chumba walimolala watoto zamani, kulikuwa na msumeno wa meza, ule wa kweli, wenye mwili wa sanduku la chuma na motor tumboni, mzito kama ng'ombe aliyekataa kuuzwa. Miguu yake ilikuwa imezikwa ndani ya saruji.

Kijiweni wanamwita Papa Bila-Meza, na jina hilo amelipata kwa haki. Kwa miaka thelathini ametengeneza meza za nganda za pombe, za parokia na za maharusi, na kwake mwenyewe mkewe Clothilde bado anakula sahani ikiwa juu ya magoti. Mwaka huu bega la kuume lilianza kulia kama bawaba kavu kila aliposhika msumeno wa mkono. Mwaka huu huu watoto wao wote wanne wakaahidi kuja Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, kila mmoja na watu wake. Célestin akaapa mbele ya Clothilde: meza ya mita tatu na nusu, mbao nzima za iroko bila kiungo katikati, watu kumi na wawili wakae bila kugongana viwiko. Kwa bega lile, meza hiyo ilihitaji motor, la sivyo ingebaki hadithi.

— Leo nimelala vizuri, alisema Célestin. Myaka mingi sijalala hivi.

— Njo faida ya kunisikia, alijibu Boussole.

Boussole ni Bavon, aliyetumika miaka ishirini na mitano kwenye mabateau ya Kinshasa, kisha akazunguka Bujumbura na Kampala. Kila bandari ilimpa shauri moja, na hakuna shauri aliloliacha njiani.

— Mu bateau, kitu yenye haikufungwa iko ya mayi, aliendelea. Nilimwambia mapema: Papa, zika miguu ya scie. Mwizi akuje na bandugu kumi, atabeba nyumba, scie itabaki. Wahenga walisema, asiyeziba ufa atajenga ukuta.

— Hiyo inaingia wapi hapa? aliuliza Mama Odile.

— Methali iko kama chumvi, mama. Inaingia kila fasi.

— Bon. Lakini mwezi uliopita ulisema anunue ile ndogo ya miguu ya aluminium, ya magazini. Ulisema mutu wa Kisangani anunue tu kitu anaweza kukimbia nacho. Sasa jana umekizika.

Boussole alikunywa kahawa taratibu, kama mtu anayesoma barua.

— Mama Odile, unakumbuka sana. Itakuzeesha.

Célestin alicheka, ingawa hata yeye alikuwa amelala siku tatu na wazo lile la kukimbia. Hapa mjini hakuna mtu wa umri wake ambaye hajawahi kuchagua, usiku mmoja, abebe nini na aache nini. Yeye siku yake alibeba randa na watoto wawili. Kwa hiyo alikwenda magazini kuujaribu ule msumeno mwepesi. Alipousukuma mezani kwa kidole, wote ukatikisika. Walipouwasha ukaruka kama mbuzi aliyeona kisu. Akatoka, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka Simi-Simi, ambako atelier moja ya mbao iliyofungwa ilikuwa ikiuza vyombo vyake. Huko ndiko yeye na Boussole walikoukuta huu mzito.

— Hadizia tena ile ya feza, alisema Ampère. Napenda ile.

Ampère ni Sébastien. Anafunga umeme katika nyumba za watu, na watu aliowafungia huweka mishumaa karibu.

— Nilitaka kusimamisha feza ya chuma juu ya meza yake, scie ikiwa inazunguka, alisema Célestin. Ikianguka, motor inatetemeka, usinunue. Mais feza yetu yote iko makaratasi. Karatasi haisimami.

— Ndipo nikatoa ya Uganda, alisema Boussole. Niliichunga myaka saba. Bantu banasema, ya nini? Nikasema, siku itakuja.

— Na ikasimama, alisema Célestin. Scie inanguruma, feza inasimama kama askari. Nikasema, huyu njo wangu.

Ng'ambo ya njia Clothilde alitoka nyumbani na kiti, akakiweka uani, akarudi ndani.

— Mama anafanya usafi, alisema Ampère. Vumbi ya saruji.

— Aache tu, alisema Célestin. Ana furaha. Asubuhi aliingia mule chumbani, akasimama nyuma ya scie, akanyosha mikono hivi, moja kwa scie, moja kwa ukuta. Akacheka peke yake. Akasema, «Vizuri, papa», akatoka.

— Alikuwa anaombea machine, alisema Boussole. Banamuke banajua.

— Mukubali basi, alisema Ampère, kama feza ilikuwa ya Boussole, fasi ilikuwa yangu. Wote munaangalia scie, hamuangalii courant ya umeme. Courant inatoka barrage ya muto kwa miguu. Ikifika kwa compteur imeisha kuchoka. Ukiipa tena mita sita ya waya, inafika kwa motor inaomba kiti. Donc scie inakaa karibu na compteur. Mita moja na ukuta, pas plus.

— Hapo unasema kweli kidogo, alisema Célestin, ambaye alijua kwamba waya mrefu na mwembamba kutoka kwenye mita ya umeme huinyima motor nguvu.

Alikosea kumpa moyo.

— Kidogo? Na ngoja. Kwa nini nilisema iangalie upande wa barrage? Kwa sababu courant haipendi kona. Ikikata kona mara tatu, inasahau imetoka wapi. Na kazi ya mbao uifanye siku ya kwanza ya posho, Jumatatu. Siku ya yenga, ya kanisa, machine za muji zinapumzika, courant inajikusanya. Bandu bandu huisha gogo.

— Courant ya siku ya yenga inabaki ndani ya waya?

— Inalala, mama. Kama sisi.

Boussole hakukubali kushindwa na mtu ambaye hajavuka hata Bafwasende.

— Mi nitawaambia kitu. Mbao yenyewe iko na upande wa muto. Muti uliokatwa chini ya muto, ukiupasua unaangalia juu, unakataa. Nimeona mbao, Bumba kule, inarudi nyuma peke yake.

— Hiyo si muto, alisema Célestin, na sauti yake ikashuka. Hiyo ni mbao kubana kisu cha scie. Ikibana, kisu kinaitupa nyuma, inakujia tumboni. Ndiyo sababu kuna kile kiulimi cha chuma nyuma ya kisu. Kinashika njia wazi.

— Kile nilitaka ukitoe, alisema Ampère. Kinasumbua macho.

— Augustin alikitoa chake, alisema Célestin.

Wote wanamjua Augustin, aliyekuwa fundi upande wa Bangboka na ambaye siku hizi husalimia kwa mkono wa kushoto.

— Chanda chema huvikwa pete, alisema Boussole, akijaribu kufariji. Kidole yenye haina pete, scie haiijali.

— Augustin alikuwa na pete, alisema Mama Odile, akawaongezea kahawa bila kuulizwa.

Clothilde alitoka tena, sasa na redio, kisha na kiti kingine. Alivipanga uani kwa mstari, kama nyumba iliyopokea msiba au ndoa.

Célestin alirudi kwenye fahari yake ya jana, maana huko kulikuwa na jua zaidi. Alieleza jinsi alivyotumia saa mbili kunyoosha kisu. Alipima kutoka kwenye jino moja la kisu mpaka kwenye mfereji wa meza ya msumeno, mbele. Akazungusha jino lile lile nyuma, akapima tena. Tofauti ilikuwa karatasi moja ya daftari. Akalegeza, akagonga kwa mpini wa nyundo, akapima, mpaka hata karatasi ikakosa pa kupita. Akapasua kipande cha kwanza. Kingo zilitoka laini kiasi kwamba Boussole alizipitisha shavuni.

— Hakuna kosa hata moja, alisema Célestin. Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu, hakuna kosa.

Wakati huo mama mmoja alikuwa akisukuma baiskeli ya toleka kutoka upande wa mtoni. Ubavuni mwake alikuwa amefunga ubao wa iroko mrefu kuliko baiskeli mara mbili, wenye kitambaa chekundu mwishoni ili watu wasipofuke. Alikuwa Laurette wa Yanonge, anayeleta mbao mtoni kwa pirogue, na kijiweni hapo hakuwa amewahi kukaa. Aliegemeza baiskeli.

— Jambo bapapa. Jambo mama. Papa Célestin njo nani?

— Njo miye.

— Nimekuletea moja uione. Zingine ziko beach, fasi ya mapirogue. Mita tatu na nusu, haina hata fundo. Niiweke wapi?

Célestin alisimama, akapitisha kiganja juu ya ubao ule kama mtu anayempima mtoto homa. Ulikuwa mzuri kuliko alivyoomba. Alimwonyesha nyumba, akamwambia msumeno uko chumba cha nyuma, mlango wake unatazama uani, ubao utaingia bila shida.

— Kuingia nimeelewa, alisema Laurette. Nyuma ya scie kuna nini?

— Ukuta. Mita moja, alisema Ampère kwa furaha. Ni kwa sababu ya courant.

— Na scie inaweza kugeuka?

— Haigeuki tena, alisema Boussole kwa furaha ile ile. Tumeizika.

Laurette alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akautazama ubao wake kutoka kitambaa chekundu mpaka mwisho wa pili. Hakuwa na dhihaka yoyote. Alitaka tu kujua.

— Alors, ikiisha kupita kwa kisu mita moja, itaenda wapi?

Boussole alifungua mdomo, akaujaza kahawa.

— Jana tulipasua vizuri, alisema Ampère.

— Mulipasua nini?

Ampère alionyesha kwa mikono. Ulikuwa urefu wa samaki ambaye mvuvi hamtaji kwa watu.

Célestin aliketi. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Aliona kosa lake lote, tena halikuwa la Boussole wala la Ampère. Hao walisema tu, kama wasemavyo kila siku. Fundi alikuwa yeye. Kwa miaka thelathini alikuwa ameulaza ubao juu ya vigoda vya kupasulia, ubao ukatulia, naye akatembea na msumeno wake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Bega lile lilikuwa limetembea umbali wa kufika Kinshasa. Sasa alikuwa amenunua msumeno unaotulia, na ubao ndio utakaotembea. Alikuwa amemtafutia msafiri gari zuri, akalinyoosha mpaka unene wa karatasi, akaliegesha likitazama ukuta.

— Tuvunje saruji, alisema Boussole polepole.

— Miguu iko ya chuma cha kumimina. Ukipiga karibu, inapasuka.

Laurette alisubiri, mkono juu ya ubao wake.

Célestin aliinua macho kwa kuwa hakuwa na pa kuyaweka. Clothilde alikuwa akitoka mlangoni kwa mara nyingine, kifuani amekumbatia picha za watoto, zile nne za ukuta wa sebule. Ukuta huo, upande wake wa pili ni chumba cha msumeno. Alizilaza moja moja juu ya kiti, kwenye kitambaa, zikitazama juu. Aliingia ndani, akarudi na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akaiburuta mpaka kwenye kiti kilichobaki. Akaketi hapo akiangalia kijiweni, mpini juu ya magoti pale panapokaa sahani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa makaa, kama mtu aliyekuwa akichora kitu ukutani.

Hakuita. Alikuwa akimngojea amalize kahawa.

— Alipima, alisema Célestin. Asubuhi. Alikuwa anapima fasi mbao itatokea kwa ukuta.

— Bega yako haiwezi ile nyundo, alisema Boussole.

— Haiwezi.

— Miye mugongo… alianza Ampère.

Mama Odile aliweka kifuniko juu ya thermos ya pili na kukikaza.

— Kahawa imeisha, alisema.

Aliiweka chini, na wote wakaisikia ikicheza ndani, nzito, imejaa zaidi ya nusu. Boussole alisimama wa kwanza, akakunja mikono ya shati.